Mawe Safi

4 Machi

Jiwe lililonivunja mguu limewekwa juu ya kabati la televisheni, tunatazamana. Mjukuu wangu alitaka kulirudisha kwenye boksi nikamwambia aliache pale pale, nataka nilione kila siku na lenyewe linione. Ukubwa wake ni kama kichwa cha mtoto mchanga, jeusi lenye mistari myeupe, na ubavuni limechorwa mshale wa kalamu nyekundu na namba. Siku ile lilikuwa limekaa katikati ya korido kama mwenye nyumba. Mimi nilikuwa naenda chooni.

Nilikuja kusalimia tu. Sasa nina plasta kutoka pajani mpaka kifundoni, kidonda cha kiwiko, na chupa ya spiriti ya kusafishia hicho kidonda. Leo nimepandishwa kwa kiti mpaka ghorofa ya juu kabisa, wanaume wawili na yule mama mshonaji wa chini wakipokezana, maana lifti ya jengo hili ilikufa kabla mjukuu wangu hajahamia na hakuna aliyeizika. Daktari kasema nisishuke mpaka mvua ziishe. Basi nimo.

Daftari hili kaninunulia yeye. Kasema, Bibi, badala ya kunisema mimi mchana kutwa, andika. Shule sikuingia hata uani kwake. Kusoma nilifundishwa na huyu huyu: alipoanza darasa la kwanza alikuwa akirudi nyumbani ananikalisha chini, anachora herufi sakafuni kwa mkaa, na nikikosea ananichapa kidole kwa kijiti. Mama yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na baba ndiyo wale wa kutuma salamu. Tulikuwa wawili. Nilimwita Kokoto kwa sababu mifuko ya sare yake ilitoboka yote kwa mawe aliyookota njiani. Ningeyatupa siku ile ya kwanza, leo ningekuwa natembea.

5 Machi

Mvua.

6 Machi

Mvua. Jiwe liko pale pale.

8 Machi

Niieleze nyumba, kwa kuwa ndiyo dunia yangu sasa. Sebule, chumba cha kulala, jiko la kuingia kwa ubavu, choo. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa jengo la jirani, na ukuta huo una ufa unaofanana na mtu anayekimbia. Namwonea wivu. Korido ina maboksi ya mawe kushoto na kulia, mtu mnene hapiti. Chini ya kitanda mawe. Kabati la vyombo lina mawe, na vyombo vinakaa kwenye karai. Juu ya meza ya kulia kuna hadubini kuukuu ambayo Kokoto huiinamia kutwa, shingo imemtoka mbele kama kobe. Nyumba ni ya chuo, imekuja na kazi yake ya utafiti. Kazi ni ya mkataba, na mkataba unakwisha mvua zikiisha.

Yule mama wa chini nimempa jina, Redio. Cherehani yake inaanza kabla sijafungua jicho, na mdomo wake unaanza nayo. Anaongea na wateja, anaongea na simu, anaongea na uzi uliokatika. Leo kapanda kunijulia hali, shikamoo haijapoa kaniuliza kama chooni nakwenda mwenyewe. Nikamuuliza na yeye je.

10 Machi

Leo tumetembelewa na Profesa, mkubwa wa Kokoto kazini. Mtu mzima mwenzangu, na viatu vinang'aa pamoja na matope yote haya yaliyoko nje. Kapanda ngazi zote hizo na mfuko wa machungwa, kaniamkia kwa kuinama, kasema mjukuu kama huyu halelewi na mtu wa kawaida. Nilijua ni kilemba cha ukoka, nikakivaa hivyo hivyo; siku nyingi sijavikwa kitu. Ndiye aliyemfundisha Kokoto tangu mwaka wa kwanza, akamchagua kati ya wengi, akampigania mpaka akapewa nyumba hii. Anaongea taratibu na anakusubiri umalize. Alipoondoka nilimwambia Kokoto, huyo ndiye mtu, si yule mwenye cherehani.

Kokoto alikuwa anamenya chungwa moja tangu mgeni alipokaa mpaka alipoaga.

14 Machi

Nimemuuliza leo, na sikumuuliza kwa uzuri: kwa nini mawe? Wenzako wanatibu watu, wanajenga madaraja, wewe unakesha na kitu ambacho hata kikiugua hakisemi.

Nilidhani atanuna. Akalishusha lile jiwe langu akaliweka mapajani mwake. Akasema hili lilikuwa tope, Bibi. Tope la chini ya bahari. Likafunikwa, likashuka chini kabisa kwenye joto, likabanwa na uzito wa milima, likageuka. Ndiyo kazi yake huyu mtoto, mawe yaliyogeuka.

“Likayeyuka,” nikasema.

“Hapana. Lingeyeyuka tungeliita jina lingine. Haya yanageuka yakiwa mawe vile vile. Hayana pa kukimbilia, basi yanajipanga upya humo humo.”

Nikamwambia kumbe ni kama kuishi na mama mkwe. Alicheka mpaka akalazimika kuliweka jiwe chini.

Kisha akanisogeza kwenye hadubini, mimi na mguu wangu mgumu kama mbao. Ndani ya jiwe, likikatwa jembamba mpaka mwanga upite, kuna vipunje vyekundu kama mbegu za komamanga. Anaviita ganeti. Vilizaliwa humo, wakati wa kubanwa, na vilipokuwa vinakua jiwe lilikuwa linaburutwa, basi vikaviringika na kujisokota kama konokono. Vizuri, sikatai. Lakini lile la kabatini sijalisamehe.

16 Machi

Mvua. Redio kapanda kuazima chumvi, kakaa mpaka nikajua magonjwa ya ukoo wake wote.

17 Machi

Mvua.

20 Machi

Sasa nimeelewa kwa nini lile chungwa halikumenyeka.

Profesa alisema tangu ujanani mwake kwamba mlima wao ule, wanaousoma wote wawili, ulisukumwa kutoka mashariki, huko zamani kabla ya mtu yeyote. Kwa neno hilo akapata jina, akapata wanafunzi, akapata na ofisi yenye zulia. Kokoto naye kapanda mlima ule kiangazi baada ya kiangazi, kayashusha haya maboksi yote, na ganeti zake zimeviringika kinyume. Zinasema magharibi. Alimwambia. Profesa akamjibu kwa upole kwamba vijana wana macho ya haraka. Sasa Profesa kaandika makala kubwa, na anataka jina la Kokoto liwe chini ya lake. Humo ndani ni mashariki. Akitia sahihi, mkataba unaendelea. Asipotia, Profesa kasema ataangalia kitakachowezekana, na mimi ni mtu mzima, najua maana ya kuangaliwa namna hiyo.

Nilimwambia atie sahihi. Nilisema mlima umeshasukumwa, yamekwisha, wewe utalala nje kwa ajili ya upande uliotokea?

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani nilipoandika herufi ikageukia nyuma. Hana hasira, ana huzuni tu.

“Bibi, nikisaini hilo nitakuwa nalisema mpaka nizeeke. Wanafunzi watakuja, na wao nitawaambia hivyo hivyo.”

Kaamua kumwita Profesa hapa hapa, amwonyeshe mawe yote kwa pamoja, ayashike. Anaamini akiyaona kwa macho yake atakubali. Mimi niliona ni wazo zuri. Mtu mwenye adabu vile.

24 Machi

Mvua. Ufa wa ukutani umeota ukungu. Mkimbiaji wangu ana ndevu.

26 Machi

Kokoto kaongea na Profesa kwa simu, amesimama hapo mlangoni, nami nasikia kila neno. “Nina mawe safi kabisa, Profesa. Safi mno, hatujawahi kupata kama haya. Njoo Jumamosi uyaone mwenyewe.”

Nikaitazama korido. Nikayatazama hayo mawe safi.

27 Machi

Leo nitaandika yote.

Asubuhi Kokoto kaenda chuoni. Nikabaki na aibu iliyokuwa inanisubiri tangu jana. Safi! Mawe yale yalikuwa na tope kwenye kila mkunjo, na kila moja limechorwachorwa mishale, mistari na namba, kama ukuta wa choo cha shule. Na mgeni wa heshima ameshaambiwa ni safi. Hakuna mtu aliyelelewa na mimi atakayesema kitu ni safi kikakutwa kichafu.

Nikashuka kwenye kiti nikakalia kigoda, nikajiburuta nacho koridoni, beseni mbele yangu, sabuni na brashi. Tope lilitoka vizuri. Wino ukakataa. Nikasugua, ukakataa. Hapo nikakumbuka kwamba hospitali muuguzi aliandika jina langu kwenye plasta kwa kalamu ya namna hiyo, na spiriti ilipodondoka jina likaondoka. Nikaleta chupa yangu na pamba. Ukigusa tu, unaachia. Nikaenda boksi kwa boksi, ya koridoni, ya chini ya kitanda, mpaka ya kwenye kabati la vyombo. Niliimba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nivunjike kuwa na kazi, na mikono yangu ilifurahi kama imetoka jela. Jiwe moja tu sikuliosha, lile la juu ya kabati la televisheni. Nililiambia, wewe mvunja watu, baki na uchafu wako.

Kokoto karudi jioni. Mawe yote yamepangwa yanameremeta, sakafu bado ina maji. Nilikuwa nimekaa kitini nasubiri kusifiwa.

Aliweka mwavuli chini. Akachukua jiwe moja, akaligeuza, akaligeuza tena. Akachukua jingine. Akapiga magoti akafungua boksi la mwisho kabisa huko nyuma.

“Bibi,” akasema, “mishale iko wapi?”

Nikamwambia, kwa fahari, nimeitoa yote.

Akakaa kwenye sakafu yenye maji, na nguo zake za kazini, kama mtu aliyekatwa kamba.

28 Machi

Kanipikia, kanifunga kidonda, ya mawe hajayagusa. Mvua.

29 Machi

Leo kanieleza, na afadhali angenipiga.

Safi kwao si usafi wa sabuni. Jiwe safi ni lile ambalo jua na mvua havijalila, ukilivunja ndani yake liko kama lilivyozaliwa. Jiwe linaweza kuwa na tope kote na likawa safi.

Kisha akachukua kipande cha sabuni, kile kile cha juzi, akakiviringisha kati ya viganja viwili. Akasema tazama, kiganja cha juu kikienda huku, sabuni inajiviringisha hivi. Kikienda kule, inajiviringisha vile. Ndivyo ganeti zinavyonionyesha mlima ulisukumwa wapi. Halafu akafumba macho, akaipindua pindua sabuni mkononi, akaniambia haya, Bibi, kiganja cha juu kilikwenda wapi? Nikasema sijui, umeipindua. Akasema ndiyo. Mshale ulikuwa unaonyesha kaskazini, jiwe lilivyokuwa limelala mlimani kabla hajaling'oa, na mstari ulionyesha upande wa juu. Namba nazo ndizo zilizounganisha kila jiwe na daftari lake la mlimani na vile vipande vyembamba alivyokwisha kukata, na sasa hakuna ajuaye kipi ni cha lipi. Bila hivyo ni kama mtu anayekuambia “kule” na hana mkono wa kuonyeshea.

Mimi si mtu wa kulia. Nililia, kwa hasira ya kuwa na mikono. Kokoto akaja akalaza kichwa juu ya plasta yangu, akasema hata yeye anaposema safi hakumbuki tena kwamba kuna safi nyingine.

Halafu akainua kichwa, akaliona lile la kabatini, na mshale wake mwekundu. Sikujua mtu anaweza kulitazama jiwe namna ile.

30 Machi

Profesa kaja. Kokoto kamwambia ukweli wote, na neno safi lilivyotuponza. Profesa akachukua jiwe moja, akaligeuza, akalirudisha kwenye boksi polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Akasema basi, Mungu ameamua.

Halafu akaja kwangu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

“Bibi,” akasema, “umetusaidia sana.”

Nikamtazama machoni. Nimekaa kwenye misiba mingi, na mtu aliyekuja kufurahi namjua hata akijifunika shuka. Kanywa chai yangu yote. Kaacha makala yake juu ya meza, pembeni mwa hadubini, na kalamu juu yake. Kalamu yake mwenyewe, utadhani nyumba hii haina.

Jiwe linageuka likibanwa. Huyu kanigeuka hali ameketi raha mustarehe kwenye kiti changu. Na machungwa yake nilikula.

6 Aprili

Kokoto kalipeleka lile jiwe kukatwa. Nusu imerudi kabatini, na mshale wake. Ile nusu nyingine imesagwa juu ya kioo mpaka ikawa utando. Kakaa kwenye hadubini, nami nimezishika tasbihi zangu ingawa si wakati wa sala.

Akainuka akacheka, kicheko kibaya.

“Linasema mashariki.”

Katika mawe yote ya nyumba hii, moja tu lililobaki na ulimi, nalo linamsemea Profesa. Nililijua tangu mwanzo kuwa si jiwe la kuaminika.

7 Aprili

Mvua.

11 Aprili

Mvua. Barabara ya kwenda mlimani imekatika, daraja limechukuliwa na maji. Makala iko mezani. Kokoto anakula pembeni yake, anakunja nguo pembeni yake, kama kuna mgonjwa humu hatutaki kumwamsha. Anasema huenda Profesa ana haki. Anasema yale mengine anayakumbuka vizuri, lakini kukumbuka si ushahidi, hata mwizi anakumbuka. Hatoki. Zamani tulikuwa mfungwa mmoja na mlinzi mmoja. Sasa mlinzi naye kajifungia.

Namwambia daraja likitengenezwa urudi mlimani. Anasema tutaona.

15 Aprili

Mvua.

22 Aprili

Mvua imelegea. Redio kapanda kusema daraja linapitika, magari yanakwenda. Yeye habari zote zinapita kwake. Nikamwambia Kokoto funga mzigo. Akasema hawezi.

“Nitakuacha na nani, Bibi? Jiwe langu ndilo lililokuangusha.”

Nikamwambia niache na Redio. Akasema Redio ana kazi zake na mimi simpendi. Kweli simpendi.

Nimekaa na maneno yale mchana kutwa. Nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyebanwa humu ndani. Kumbe mtoto ndiye aliye chini, na mimi ndiye niliyemkalia juu.

24 Aprili

Leo kafungua ile kalamu. Nilikuwa nimejifanya nasinzia. Kaandika herufi ya kwanza ya jina lake chini ya makala, maji yangu ya uji yakachemka jikoni yakafurika, akainuka kwenda kuyatoa. Hakurudi mezani. Lakini herufi iko pale. Nimekwenda kuitazama kwa magongo. Imeandikwa vizuri, ana mwandiko mzuri tangu utoto.

25 Aprili

Nimehama.

Kokoto alipotoka tu kwenda chuoni, nilichukua kanga zangu mbili na daftari hili, nikavifunga tumboni. Magongo nikayaachia ngazi zenyewe, yakashuka kwa kelele yakanitangulia. Mimi nikakaa chini kwenye ngazi ya kwanza, mguu wa plasta mbele, nikaanza kushuka kwa matako. Si mwendo wa heshima. Dirisha la ngazini halina kioo na mvua imeingia, kwa hiyo nilishuka nikilowa. Kwenye kona, plasta ikaingia kati ya vyuma vya ukingo, ikanasa. Mbele siendi, nyuma sirudi. Nikakaa hapo na hasira zangu, naitazama rangi ya ukuta inavyobanduka. Sikuita. Ningemwita nani, na kwa sura gani, wakati mtu pekee aliyekuwa nyumbani ni yule niliyemsema tangu Machi?

Cherehani ikanyamaza. Redio akatoka, akapanda, akanikuta. Mdomo umejaa pini za kushonea, kwa hiyo hakuweza kusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake ukiwa umetulia. Ni mtu mzuri sana, sikuwa nimeona. Akauinua mguu wangu kwa mikono miwili, akaupindisha kidogo, akautoa. Akakaa ngazini ubavuni mwangu. Akatoa pini moja moja akizichomeka begani kwenye nguo yake.

“Unakwenda wapi, Bibi?”

“Nakuja kwako. Mpaka mjukuu wangu arudi kutoka mlimani.”

“Kwani nani alikuambia mlango wangu una kufuli?”

Jioni Kokoto kanikuta kwenye benchi la Redio nashona vifungo. Akasimama mlangoni, uso umemwiva kwa hofu. Akauliza nani kanishusha.

“Matako yangu,” nikasema. “Kesho unakwenda. Juu kule sikai tena, kwa hiyo huna mtu wa kumlinda.”

Alilia, akanisema, akataka kunibeba. Redio akaingilia, na nikakiri moyoni kwamba mdomo ule una matumizi yake. Kokoto hakupata nafasi ya kuweka hata koma.

27 Aprili

Kaenda.

28 Aprili

Mvua. Na huko juu mlimani je?

1 Mei

Chumba cha Redio ni kimoja, pazia katikati, vitambaa mpaka chini ya mto. Sipumui vizuri kwa vumbi la nguo na sipumziki kwa maneno. Leo nimemuuliza usoni kwa nini hanyamazi. Akaendelea kukanyaga cherehani kidogo, kisha akasema mumewe alishuka ngazi hizo siku moja na koti begani, na tangu hapo yeye akinyamaza anazisikia ngazi. Kila anayepanda, anadhani ni yule mume. Basi anaongea.

Nikamwambia aendelee, nilikuwa sijamaliza kusikiliza habari ya shangazi yake.

5 Mei

Hakuna simu. Kule hakuna mtandao, najua. Lakini kila simu ya Redio ikilia nageuka.

9 Mei

Karudi. Kakonda, kaungua pua, kachanika mkono, na maboksi yamejaa. Kanionyesha jiwe moja kabla hata hajavua viatu. Mshale umepakwa rangi, na juu ya rangi umechimbwa kwa tindo. Kasema sasa, Bibi, leta spiriti ya hospitali nzima.

16 Mei

Yamekatwa, yamesagwa, yametazamwa. Yanasema magharibi. Moja baada ya jingine, kama watu waliopata ruhusa ya kuongea. Kokoto kashuka nayo kwa Redio na ile hadubini, na sote watatu tukaangalia kwa zamu. Redio kasema haoni kitu ila ni pazuri.

Nikamwambia Kokoto, basi lile la kabatini litupe. Lishuke ngazi zote kwa kasi, nitalipigia makofi. Ameniambia hapana, ataliandika pamoja na mengine. Kwamba moja linasema mashariki, na yeye hajui kwa nini.

“Mtoto wee,” nikasema, “Profesa atalidaka hilo hilo akupigie nalo. Wanaolijua ni mimi na wewe tu. Sisemi, na huyu Redio hajaelewa.”

“Nimeelewa,” kasema Redio.

Kokoto alikuwa anafuta kioo cha hadubini na pindo la gauni.

“Na lenyewe ni safi, Bibi.”

Nilimlea mimi, na nilimfundisha mwenyewe kwamba kitu kisiitwe safi kama si safi. Sikujua atakwenda nalo umbali huo.

18 Mei

Makala imerudishwa kwa Profesa na ile herufi moja chini yake, imekatwa kwa mstari. Kalamu yake pia. Ya Kokoto mwenyewe kaituma kwa watu wa mbali wanaochapisha mambo hayo. Kasema wanaweza kukaa mwaka bila kujibu.

21 Mei

Mkataba haukuendelea. Barua ina maneno ya heshima. Profesa hakupanda, ngazi zimekuwa ndefu ghafla. Nyumba tuiachie mwisho wa wiki.

24 Mei

Plasta imetolewa. Mguu umetoka mwembamba, mweupe, kama wa mtu nisiyemjua. Mvua haijanyesha tangu juzi.

26 Mei

Naandika nikiwa kwangu, kwenye kiti changu, na Kokoto kalala chumbani alimokulia. Atatafuta kazi. Kuna shule ya karibu inataka mwalimu wa jiografia, na kasema atafundisha huku akisubiri wale wa mbali. Sijui watamjibu nini. Naye hajui.

Jana tulipakia mawe kwenye lori. Redio alisimamia, akawafokea wapagazi mpaka wakabeba yale maboksi kama mayai. Kunishonea kanishonea gauni, bila kunipima, na limenikaa sawasawa. Kumbe wakati wote anaongea alikuwa ananitazama. Tulipokuwa tunaagana alinyamaza. Nikamwambia aongee, asinitishe.

Nilikaa mbele, kati ya dereva na mjukuu wangu, na lile jiwe mapajani. Nusu yake, na mshale. Dereva akaniuliza kwa nini sikuliweka nyuma na mengine. Nikamwambia halipatani na wenzake. Akasema basi ungeliacha. Nikamwambia aangalie barabara.

Ile nyumba ilikuwa juu kabisa, lakini sikuwahi kuiona mbingu mle. Njiani niliiona yote. Na kila barabara ilipokata kona nililigeuza jiwe kidogo, mshale ubaki kutazama kaskazini, Kokoto akinionyesha kwa mkono.